Nani alitufunga tai wakati wa kaskazi?

Januari iliyopita nilirudishwa getini. Ofisi yenyewe siitaji, bado nahitaji habari zao. Nilivaa shati la kitenge la mikono mifupi, limepigwa pasi na kuchomekewa, suruali ya kitambaa, viatu vyeusi. Mlinzi, mzee wa umri wa baba yangu, akaitikia shikamoo yangu vizuri tu, kisha akaniangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Kijana wangu, hapa siyo kwenye sherehe. Katafute shati la ofisini."

Wadau, mzee wa watu mwenyewe alikuwa na shati la mikono mirefu lililolowa mgongo mzima, na tai imemkaba kama kamba ya mbuzi. Nikamuuliza kama yeye hasikii joto. Akacheka. "Nasikia. Ila nimeambiwa."

Nikapanda daladala kurudi mjini nikijiuliza: hivi nani alimwambia aliyemwambia? Nikaanza kufukua.

Watu wa pwani wanajua joto hili kwa jina. Ni kaskazi, upepo unaovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Majahazi yalileta nguo pia, na nguo za mwambao huu tangu zamani ni za kupitisha hewa: kanzu, kikoi, shuka. Katikati ya karne ya 19 Zanzibar ilijaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilichokuja na meli za Massachusetts. Jina limebaki mpaka leo ingawa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) viliiyumbisha biashara ile na viwanda vya Bombay vikaingia.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Merikani, na kaniki ambayo ni merikani iliyotiwa rangi nyeusi au buluu iliyokolea, ndiyo yalikuwa mavazi ya watumwa. Mtumwa alijulikana kwa nguo. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga zenye maua na rangi. Wanaume nao wakavaa kanzu na kofia, vitu ambavyo mtumwa hakuruhusiwa. Kwa hiyo ile kanga unayojifunga ukitoka kuoga, kwa bibi wa Ng'ambo ilikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu. Na ilikuwa nyepesi, ya pamba, inafaa joto. Heshima na hewa vilikaa kwenye nguo moja!

Lakini ofisini haikuingia. Ofisi ililetwa na mkoloni, na karani aliyetaka kuheshimiwa alifunga tai kama bosi wake. Kichekesho ni kwamba bosi mwenyewe alikuwa ameshaona kuwa sufu ya London haivaliki huku, akatengeneza kaki na nguo nyeupe za nchi za joto, mikono mifupi, hata kaptula.

Kutoka kwenye kaki ile ikazaliwa suti ya safari, na baada ya uhuru wetu ikabadilishwa kabila. Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, aliivaa mpaka ikachukua jina lake. Tuwe wakweli, Kaunda ni akili kubwa: koti lisilohitaji shati ndani wala tai, mifuko mikubwa, mikono mirefu au mifupi, na mtu unaonekana umevaa suti. Hapa kwetu Mwalimu naye alivaa suti za kufunga vifungo bila tai, na baada ya Waziri Mkuu wa China kuja nchini Juni 1965, wazee wa Dar wakawa na suti ya "Chou En-lai". Tatizo wengi walishona kwa tetroni. Kaunda ya tetroni mwezi wa pili ni jiko la mkaa lenye vifungo.

Upande wa Kongo, Mobutu hakubembeleza mtu. Miaka ya 70 suti na tai vilipigwa marufuku, kila mwenye cheo avae abakosti, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kuikataa suti. Tai ilirudi Aprili 1990, katika hotuba ileile aliyotangaza mwisho wa chama kimoja. Fikiria, ndugu zetu wa Lubumbashi walipata vyama vingi na tai siku moja.

Na dada zetu? Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza rasmi 1 Januari 1969: hakuna kimini, hakuna wigi, hakuna suruali za kubana. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, wanawake walishambuliwa Kariakoo kwa ajili ya nguo zao. Hapo hakuna aliyezungumzia joto. Juni 2021, mbunge mwanamke alitolewa Bungeni Dodoma kwa sababu ya suruali aliyovaa. Miaka zaidi ya 50, gauni lile lile la mjadala.

Kaunda nayo ikaanza kuonekana nguo ya chama kimoja. Frederick Chiluba alipoingia Ikulu Lusaka mwaka 1991 alikuja na suti zake kali. Mwaka 2007, kwenye kesi ya madai mjini London, ilielezwa kuwa zaidi ya dola 500,000 zilikwenda kwenye duka moja la nguo Geneva (mahakama ya jinai ya Zambia ilimwachia huru 2009). Kenya mwaka 2023 Rais Ruto akaifufua Kaunda, mafundi wakapata kazi kweli kweli, halafu Novemba mwaka huo huo Spika Wetang'ula akaipiga marufuku kwenye majengo ya Bunge. Rais anaivaa Ikulu, mbunge haruhusiwi kuingia nayo Bungeni. Mnielewe nikichoka.

Kinachoibeba suti Dar siku hizi ni kiyoyozi. Umeme ukikatika, nendeni kwenye ofisi yoyote ya ghorofa mkaone. Dakika kumi makoti yako kwenye viti. Dakika ishirini tai zimelegezwa. Bosi anajipepea na faili. Ndani ya saa moja wote wamefika nilipofikia mimi pale getini, ila mimi nilikuwa nimechomekea.

Wiki iliyopita nimepeleka kitambaa kwa fundi wangu Kariakoo: pamba tupu, rangi ya udongo, Kaunda ya mikono mifupi. Akaniuliza kama nagombea ubunge. Ataimaliza Jumatano, kwa maneno yake, kwa hiyo Ijumaa. Jumatatu narudi kwenye lile geti. Mzee nitampelekea maji baridi.