UZI: Serikali inaweza kupiga marufuku Bitcoin?

1/ Bei ikiyumba, swali hili linarudi. Nasoma sayansi ya siasa, niko hapa Mukumu, na naona tunabishana bila historia. Twende polepole.

2/ Mombasa, 2013. Wafanyabiashara wadogo wa mtaa wa Bangladesh walianza kulipana kwa vocha zao, Bangla-Pesa. Waandalizi wakakamatwa. Baada ya miezi michache mashtaka yakaondolewa. Vocha ina mwenyewe, polisi wanajua pa kubisha.

3/ Bitcoin haina ofisi. Desemba 2015 Benki Kuu ilionya tu: si pesa halali, ukipoteza hakuna wa kukulinda. Watu wakaendelea kuuziana wao kwa wao.

4/ Onyo halikuwa la bure. Desemba 2017 sarafu moja ilikaribia dola 20,000. Mwaka mmoja baadaye? Chini ya 4,000.

5/ 2023 ikaja kodi ya asilimia 3. 2025, sheria ya leseni. Kutoka onyo hadi kodi, miaka 8.

6/ Kwa hivyo sarafu yenyewe haizimwi kwa amri. Kinachofungika ni mlango wa kuigeuza shilingi: benki, pesa za simu, kampuni za kubadilishia. Mgombea akisema "tutapiga marufuku", muulize: mlango upi, na wenye hela ndani watatokaje?