Fahamu: TFL ilivyogawanyika kambi mbili

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, TFL, lilianzishwa 1955 na likasimama na TANU kudai uhuru. Katibu mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa. Uhuru ulipokaribia, viongozi wake wakaanza kuvutana.

Kambi ya TANU: Kawawa na Michael Kamaliza walitaka vyama vya wafanyakazi viende na serikali. Hoja yao: nchi ni changa na maskini, migomo itaiumiza.

Kambi ya pili: Christopher Kasanga Tumbo wa wafanyakazi wa reli na Victor Mkello wa mashambani walitaka vyama vibaki huru. Tumbo pia alidai Waafrika wapewe haraka nafasi zilizoshikwa na Wazungu.

Nani alishinda? Kawawa akawa Waziri Mkuu Januari 1962, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kubana migomo. Tumbo alitumwa London kuwa balozi, akajiuzulu, akaunda chama cha upinzani. Mkello alipelekwa Sumbawanga kwa amri ya serikali 1963.

Baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, Tumbo aliwekwa kizuizini na TFL ikavunjwa. Ikaja NUTA, chini ya Kamaliza, ambaye pia alikuwa waziri wa kazi.

Kwa mfanyakazi wa kawaida, kuanzia bandari ya Dar hadi Nyasho, Musoma, kilibaki chama kimoja tu. Na katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, siyo kwa kura za wanachama.