Kung'arisha vito vya shaba kwa tambla: mambo ya kujua kabla ya kuwasha mashine

Kama unasubu pete, bangili au hereni za shaba ya njano, unajua kwamba kumimina ni nusu tu ya kazi. Kipande hutoka kwenye kalibu kikiwa cheusi na chenye vichunusi, na kukisugua kwa mkono mpaka king'ae huweza kumaliza asubuhi nzima. Tambla ni pipa dogo linalozungushwa na mota. Ndani yake kuna goroli ndogo za chuma, maji na sabuni, na vito vyako vinabingirika humo wakati wewe unafanya kazi nyingine.

Mota ya tambla ndogo hutumia umeme kidogo kuliko balbu za zamani za wati 60, kwa hiyo sola ya kawaida inaweza kuiendesha mchana. Kwa kuwa mashine hujifanyia kazi yenyewe, mafundi wanne au watano wanaweza kununua moja kwa pamoja na kupeana zamu. Andikeni mapema nani atanunua goroli na sabuni, maana hapo ndipo ugomvi huanzia.

Tambla haifuti makosa

Wengi hudhani kwamba pipa litaondoa alama za tupa. Haliondoi. Goroli za chuma hazikwangui madini. Zinagonga na kulaza uso wake, na hivyo kuufanya ung'ae na kuwa mgumu kidogo. Mkwaruzo uliouingiza ndani utatoka ukiwa mkwaruzo unaong'aa. Kwa hiyo kata kwanza mkia wa kumiminia, piga tupa, kisha msasa, ukianza na wa chenga kubwa na kumalizia na laini, namba 400 au 600. Kama una vipande vingi sana, yapo mawe madogo ya kauri yanayokwangua, lakini hayo yawe na pipa lake. Chembe zake zikiingia kwenye goroli za chuma, kazi itakayofuata itatoka imefifia.

Kama ulisafisha weusi wa moto kwa asidi au ndimu, chovya vito kwenye maji yenye magadi kidogo, kisha suuza vizuri. Asidi ikibaki kwenye kitundu kimoja tu, huchafua maji ya pipa zima na vito hutoka vya kijivu.

Namna ya kujaza

Goroli za chuma kisichoshika kutu ndizo bora, hasa zikiwa za maumbo mchanganyiko: za mviringo kwa sehemu pana, na zenye ncha kama pini kwa ajili ya pembe na nakshi. Goroli za beringi za baiskeli hufanya kazi, ila nyingi hushika kutu na hazifiki kwenye kona. Ukizitumia, zikaushe kila siku na kuzipaka mafuta kidogo, kisha zioshe kwa sabuni kabla ya kuzirudisha kazini. Goroli mpya zizungushe peke yake na sabuni kwa saa moja, mara mbili au tatu, mpaka maji yaache kuwa ya kijivu.

Pipa lijae nusu, au zaidi kidogo. Kwa kilo moja ya goroli weka gramu 200 hivi za vito. Mimina maji yazipite goroli kwa sentimita moja au mbili, ongeza matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, funga vizuri. Fungua baada ya nusu saa uangalie. Kazi nyingi huisha kati ya saa moja na tatu.

Sikiliza pia. Mlio mzuri ni wa kuendelea, kama mvua juu ya bati. Ukisikia kugonga, pipa lina mzigo mdogo au linakwenda kasi mno. Likinyamaza kabisa wakati linazunguka, vitu vimeng'ang'ania ukutani na hakuna kinachosuguliwa. Pipa la upana wa sentimita 12 hutosheka na mizunguko 40 hadi 60 kwa dakika.

Usiweke lulu, kaharabu, shanga za kioo wala mawe laini. Hayo yafungwe baada ya kung'arisha. Cheni zifunge kwa waya, zisijisokote. Alumini ya sufuria kuukuu isichanganywe na shaba. Kazi ikiisha, suuza na kausha siku hiyohiyo, kwa sababu vito vikilala kwenye maji ya sabuni huota madoa.

Risasi katika shaba kuukuu

Mafundi wengi, kama wale wa Kibera jijini Nairobi, huyeyusha kufuli na koki za maji zilizochakaa. Shaba ya namna hiyo mara nyingi ina risasi ya asilimia 2 au 3, iliyowekwa kiwandani ili ikatike kwa urahisi. Moshi wakati wa kuyeyusha, vumbi la tupa na maji ya kijivu ya tambla vyote vinaweza kuibeba. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na hupita kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa aliye tumboni.

Yeyusha nje, mahali penye upepo, mbali na watoto. Pipa na ndoo za kazi hii zisirudi jikoni kamwe. Usimwage maji hayo kwenye bustani ya mboga wala karibu na kituo cha maji: yaache yatuame usiku kucha, mwaga ya juu mbali na makazi, na tope lake lihifadhi kwenye chombo kilichofungwa. Nawa mikono kabla ya kula, na badili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kuna jambo la soko pia. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu kuuza vito vya madini vyenye risasi ya asilimia 0.05 au zaidi ya uzito wake. Kung'arisha hakuitoi. Mnunuzi wa nje akiuliza shaba yako imetoka wapi, mwambie ukweli kabla hujasubu oda yake, kwa sababu mzigo ukipimwa huko na kukataliwa, hasara itakurudia wewe. Vito vya watoto wadogo, wanaotia kila kitu mdomoni, usivitengeneze kwa shaba ya koki hata kwa soko la hapa.