Leseni Iliyogawiwa Mafungu Matatu

Leo tutaeleza jinsi sheria moja ya barabarani ilivyoanza.

Mvuvi hampi mwanawe usukani kwa mara ya kwanza usiku, bahari ikiwa imechafuka. Kwanza humfundisha mchana, maji yakiwa shwari. Lakini madereva wa gari hawakuanza hivyo. Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1903, mtu alilipa shilingi 5 akapewa leseni bila ya kujaribiwa. Mtihani haukuwa lazima mpaka mwaka 1935.

Mtihani huonyesha kwamba mtu ajua kugeuza gari na kulisimamisha. Haumpi uzoefu. Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya Nyuzilandi. Huko kijana wa miaka 15 akishinda mtihani, alipata leseni kamili. Usiku ule ule aliweza kujaza rafiki zake garini na kwenda mbio. Na barabara za nchi ile ndogo ziliua watu wengi: mwaka 1973 walikufa watu 843.

Basi mwezi wa Agosti 1987, serikali yao iligawa leseni mafungu matatu. Fungu la kwanza, mwanafunzi aliendesha akiwa na dereva mzoefu kando yake. La pili, aliruhusiwa kuendesha peke yake. Lakini bila ya msimamizi hakuruhusiwa kuendesha kutoka saa nne ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri, wala kuchukua rafiki zake. La tatu ndilo leseni kamili.

Kwa nini usiku, na kwa nini abiria? Gizani dereva haoni mbali, na usingizi humnyemelea. Na vijana wenziwe humchochea aende kasi, fikira zake zikaondoka barabarani.

Sheria hii iliwabana vijana wa mashambani, ambao hawana basi la kuwarudisha kwao usiku. Hata hivyo, wachunguzi waliona kwamba majeruhi miongoni mwa vijana walipungua. Florida, katika Marekani, ilifuata njia hiyo mwaka 1996. Na mwaka 2011 Nyuzilandi ilipandisha umri wa kuanza, kutoka miaka 15 kuwa 16.

Sasa zungumzeni darasani: mtoto wako akipata leseni leo, utamkatazaje safari ya usiku, naye ana karatasi ya serikali mkononi?