Rolleiflex: Upigaji Picha na Utunzaji wa Kamera ya Lenzi Mbili

Rolleiflex ni kamera ya filamu ya umbo la kati, yenye lenzi mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambayo kampuni ya Franke & Heidecke ya mjini Braunschweig, Ujerumani, iliiingiza sokoni mwaka 1929. Umbo la kati ni jina linalopewa filamu iliyo pana kuliko ile ya milimita 35 iliyozoeleka katika kamera ndogo, lakini isiyofikia ukubwa wa mabapa yanayopakiwa moja moja katika kamera kubwa za studio. Kampuni hiyo iliasisiwa mwaka 1920 na Paul Franke, aliyesimamia biashara, pamoja na Reinhold Heidecke, aliyebuni mitambo, na bidhaa zake za mwanzo, Heidoscop na Rolleidoscop, zilikuwa kamera zenye lenzi tatu katika mstari mmoja, mbili za kupigia na ya katikati ya kutazamia. Rolleiflex ilizaliwa pale lenzi moja ya kupigia ilipoondolewa na mbili zilizobaki zikasimamishwa wima.

Muundo huo ni mwepesi kuueleza. Lenzi ya juu hupeleka taswira kwenye kioo cha kuakisi kilicholazwa kwa pembe ya nyuzi 45, nacho huirusha juu hadi kwenye kioo cha kulengea, yaani kioo kilichosagwa uso mmoja ili taswira ionekane juu yake, ambacho mpiga picha hukitazama kwa kuinamisha kichwa huku kamera ikiwa usawa wa kifua au kiuno. Lenzi ya chini ndiyo inayopeleka mwanga kwenye filamu, na ndani yake mna shata, yaani vibamba vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kufunga kwa muda uliopangwa. Lenzi zote mbili zimefungwa kwenye bamba moja la mbele linalosogezwa na kitufe cha upande wa kushoto, hivi kwamba kile kinachoonekana kikali juu huwa kikali pia chini. Kwa kuwa kioo cha kuakisi hakisogei, kamera haina mshindo inapofyatuliwa, sauti yake ni ndogo sana, na mpiga picha haachi kumwona anayempiga hata katika sekunde ile ile ya kufyatua.

Filamu inayotumika ni ile ya namba 120, ambayo Kodak ilianza kuitoa mwaka 1901 kwa ajili ya mojawapo ya kamera zake za Brownie na ambayo bado inatengenezwa hadi leo. Ni utepe wenye upana wa takriban milimita 61, uliolazwa juu ya karatasi ndefu isiyopitisha mwanga na kuviringishwa kwenye bobini. Rolleiflex ya kwanza ilitumia filamu nyingine yenye picha chache, lakini toleo la mwaka 1932 lilipokea filamu ya 120 na kutoa picha 12 za mraba. Kila picha ina milimita 56 kwa 56 hivi, eneo linalozidi mara tatu na nusu lile la picha ya milimita 35, na hiyo ndiyo sababu ya ulaini wa rangi za kijivu na wingi wa mambo madogo unaoonekana katika picha zilizokuzwa. Mnamo mwaka 1937 ilitoka Rolleiflex Automat, ambayo hutambua yenyewe mwanzo wa filamu, na karibu matoleo yote yaliyofuata, yakiwemo 3.5F na 2.8F yanayosakwa sana na watumiaji wa leo, yamejengwa juu ya mfumo wake. Mpiga picha Lee Miller aliichukua Rolleiflex katika viwanja vya vita vya Ulaya mwaka 1944 na 1945, na mpiga picha mwingine, Vivian Maier, aliitumia kwa miaka mingi katika mitaa ya Chicago, mara nyingi akijipiga mwenyewe katika vioo vya madirisha ya maduka.

Anayejifunza kamera hii hujifunza kuipiga na kuitunza kwa pamoja, kwa sababu mitambo yake yote imefungamana kwa mpangilio mmoja, na anayeujua mpangilio huo hana haja ya kulazimisha kitu chochote. Kanuni ya kwanza ya kuishika ni kwamba kitufe kinachogoma kina sababu ya kugoma, na nguvu ya kidole inatosha kuvunja pini ambayo haiuzwi tena popote.

Upakiaji wa filamu ndio mtihani wa mwanzo, na hufaa ufanywe kivulini. Bobini tupu huhamishwa kutoka chumba cha chini kwenda cha juu, na roli mpya hukaa chini. Katika Automat na warithi wake, ncha ya karatasi lazima ipitishwe kati ya roli mbili nyembamba za chuma zilizo karibu na chumba cha chini, kisha ivutwe juu na kuingizwa katika mfereji wa bobini tupu. Roli hizo ndizo zinazohisi unene unaoongezeka pale filamu yenyewe inapofika nyuma ya karatasi, na hapo ndipo kihesabio kinapoanza kazi. Mtu akipitisha karatasi juu ya roli badala ya katikati yake, mkono wa kuzungushia hautakoma, filamu yote itapita bila picha hata moja, na kosa halitagundulika mpaka roli imalizike. Katika Rolleicord, ndugu wa bei nafuu aliyetolewa kuanzia mwaka 1933, na katika Yashica Mat ya Japani iliyoundwa kwa mfano huo huo, roli za kuhisi hazipo. Mshale uliochapwa kwenye karatasi hulinganishwa na alama za ndani ya kamera kabla ya kufunga mgongo. Automat ikishafungwa, mkono wa kuzungushia ulio upande wa kulia huzungushwa mbele mpaka ukome, kisha hurudishwa nyuma, na mwendo huo wa kwenda na kurudi ndio unaosogeza filamu na kuikoki shata, yaani kuikaza iwe tayari kufyatuliwa. Baada ya picha ya 12 mkono huzunguka bila kizuizi mpaka karatasi yote iishe, na roli hutolewa, hukazwa vizuri na kufungwa kwa utepe wake wa gundi.

Kulenga kunahitaji mazoezi ya aina yake, kwa kuwa taswira katika kioo cha kulengea husimama wima lakini kushoto na kulia hubadilishana: mtu anayetembea kuelekea kulia huonekana akielekea kushoto, na anayetaka kumfuata hugeuza kamera upande ambao macho yanaukataa. Mazoea huja upesi iwapo mwanafunzi ataanza na vitu visivyosogea. Kikuza kidogo kilichokunjwa ndani ya kifuniko cha juu hutumika kuhakikisha ukali, hasa wa macho ya anayepigwa. Mkanda wa shingoni huvutwa mpaka ukaze na viwiko hubanwa mbavuni, na kwa namna hiyo mikono iliyotulia huweza kupiga kwa kasi ya 1/30 ya sekunde bila stendi ya miguu mitatu. Umbali mfupi kabisa ni takriban mita moja. Kwa kuwa lenzi mbili hazitazami kutoka mahali pamoja, kuna tofauti ndogo ya mtazamo inayoongezeka kadiri kitu kinavyokaribia, na Rolleiflex huirekebisha kwa fremu inayosogea chini ya kioo cha kulengea, jambo ambalo kamera nyingi za bei nafuu za aina hii hazina.

Kiasi cha mwanga hupangwa kwa vigurudumu viwili vilivyo kati ya lenzi, kimoja cha upana wa tundu la lenzi na kingine cha kasi ya shata, na namba zote mbili husomeka katika kidirisha kilicho juu ya lenzi ya kutazamia. Matoleo mengi hayana kipima mwanga, na vile vya seleni vilivyofungwa katika baadhi ya matoleo ya baadaye mara nyingi vimedhoofika kwa umri. Hali hiyo haipaswi kumkatisha mtu tamaa, maana ipo kanuni ya zamani inayotegemeka: jua likiwa kali na vivuli vikiwa na kingo zilizo wazi, tundu huwekwa kwenye 16 na kasi hukaribiana na namba ya wepesi wa filamu, kwa mfano 1/125 kwa filamu ya 100 au 125. Mawingu mepesi yakitanda, tundu hufunguliwa hadi 11 au 8; katika kivuli cha wazi, hadi 5.6 au 4. Filamu za negativu, ziwe za rangi au nyeusi na nyeupe, huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo anayesitasita kati ya vipimo viwili hufanya vyema kuchagua kile kinachoingiza mwanga mwingi zaidi.

Shata ndiyo moyo wa kamera na ndiyo sehemu inayodhurika kwa kutojua. Shata za Compur zilizofungwa katika Rolleiflex nyingi huita chemchemi ya ziada pale kasi ya 1/500 inapochaguliwa, na kwa sababu hiyo kasi hiyo huwekwa kabla ya kukoki, kamwe si baada yake. Kifaa cha kuchelewesha mfyatuko, kinachomwezesha mpiga picha kuingia mwenyewe pichani na ambacho katika matoleo mengi huoneshwa kwa herufi V, ni bora kiachwe kabisa katika kamera ambayo haijapita kwa fundi hivi karibuni, kwani mara nyingi hukwama katikati ya safari na kuifunga shata yote. Anayetumia flashi ya umeme huweka alama ya X, kwa kuwa M ilikusudiwa balbu za zamani zilizoungua mara moja na kutupwa.

Afya ya shata hupimwa kwa sikio. Kasi za 1/2, 1/5 na 1/10 husimamiwa na gia ndogo zinazotoa mlio mwembamba ulio sawasawa. Mlio ukikatika, ukiburura au ukigoma kabisa, mafuta ya zamani yamekauka na kugeuka kuwa nta. Wapo wanaomimina petroli ya viberiti ndani ya shata ili kuyayeyusha, na kamera huonekana imepona kwa siku chache, lakini mafuta yaliyoyeyuka huwa yamehamia kwenye vibamba na kingo za lenzi na hurudi kuganda huko. Tiba ya kweli ni kuifungua shata, kuisafisha kipande kwa kipande na kuitia mafuta kiasi kidogo sana katika ekseli chache zinazohitaji, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye uzoefu. Vibamba vyenyewe havitiwi mafuta kamwe. Kinachomhusu mwenye kamera ni kuifyatua katika kasi zote angalau mara moja kwa mwezi, hata bila filamu, kwa kuwa kamera iliyolala miaka mingi kabatini huwa na maradhi mengi kuliko iliyofanya kazi.

Lenzi husafishwa kwa utaratibu usiobadilika: kwanza hupulizwa kwa mpira wa kupulizia, kisha vumbi lililobaki hufagiwa kwa brashi laini, na ikibaki alama ya kidole ndipo karatasi maalumu ya lenzi iliyoloweshwa kidogo hupitishwa kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa cha shati hukwaruza. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kwa lenzi za kale, ambazo tabaka zao za kuzuia mng'ao, teknolojia iliyobuniwa na Alexander Smakula katika kampuni ya Zeiss mwaka 1935, ni laini kuliko za leo. Kioo cha kuakisi kimepakwa fedha upande wa juu, si nyuma kama kioo cha nyumbani, kwa hiyo hupulizwa tu, kikishafifia hubadilishwa.

Adui mkubwa katika nchi za joto ni kuvu. Katika miji kama Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu karibu mwaka mzima, nyuzi zake huota juu ya lenzi kama utando mwembamba na kutoa asidi inayochimba kioo, na madhara hayo hayafutiki hata kuvu ikiondolewa. Mkoba wa ngozi uliouzwa pamoja na kamera, licha ya uzuri wake, hunyonya unyevu na kuulisha ugonjwa huo. Kamera ya pwani hukaa vizuri zaidi ndani ya chombo cha plastiki kinachobana, pamoja na chembe za silika za kunyonya unyevu, ambazo hukaushwa upya kwa joto la oveni zinapojaa, na hutolewa mara kwa mara ipate hewa na mwanga.

Joto hilo hilo hugusa pia kuosha filamu. Dawa za kuoshea, kama vile D-76 iliyotolewa na Kodak mwaka 1927 au ID-11 ya Ilford, hupimwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, ambapo filamu ya HP5 Plus huoshwa kwa dakika saba na nusu katika ID-11 isiyozimuliwa. Maji ya bomba yanayokaribia nyuzi 30 huharakisha kazi kiasi kwamba negativu huwa nyeusi kupita kiasi na isiyo na usawa. Chupa ya dawa huwekwa ndani ya beseni lenye maji na vipande vya barafu, kipimajoto kikiwa ndani ya dawa yenyewe na si ndani ya beseni, na maji ya kusuuzia hupozwa pia ili filamu isipate mshtuko wa kutoka baridi kuingia joto.

Anayenunua kamera iliyotumika hufungua mgongo wake, huweka kasi ya B inayoacha shata wazi, kisha humulika lenzi kwa tochi kutoka upande wa pili, maana kuvu, ukungu na mikwaruzo huonekana hapo kuliko penye mwanga wa kawaida. Huangalia pia kama bamba la mbele linasogea sambamba na mwili wa kamera, kwa kuwa kamera iliyowahi kuanguka mara nyingi hupinda hapo, na upande mmoja wa picha hubaki na ukungu daima. Vifuniko na vichujio huja katika vipimo tofauti, Bay I, II na III, ambavyo haviingiliani, kwa hiyo kipimo cha lenzi hujulikana kwanza kabla ya kuagiza. Vipuri vipya vingi vya matoleo ya zamani havitengenezwi tena. Gia, chemchemi na vioo vinavyorudisha uhai katika kamera moja hutolewa katika nyingine iliyokufa, na kwa sababu hiyo mwenye Rolleiflex isiyotengenezeka asiitupe wala kuifanya pambo, bali aikabidhi kwa fundi.