Mstari Uliotokeza Pambizoni

Ubeti wa 212 ndio uliotukwamisha. Tulikuwa tunaandaa kitabu cha utenzi chenye kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja picha ya mswada kwa khati ya Kiarabu, upande wa pili herufi za Kirumi, kila ubeti kwenye mstari mmoja, vipande vinne vikitenganishwa na kinyota. Kijana anayetupangia kurasa alinigeuzia kompyuta yake. "Mwalimu, huu umetoka nje." Kipande cha nne kilikuwa kimevuka ukingo wa maandishi, na kwenye dirisha la chini LaTeX, programu tunayopangia kurasa, ilikuwa imeandika Overfull \hbox (7.2pt too wide): sanduku limejaa kupita kiasi, limezidi kwa nukta 7.2. Hizo ni kama milimita mbili na nusu. Msomaji asingegundua. Programu iligundua, na ikasema.

Nikamwambia, "Hebu tuone mwenyewe alifanyaje." Akafungua picha ya mswada. Mnakili naye alikwama pale pale. Neno la mwisho halikupata nafasi, akalipandisha juu ya mstari, likakaa mgongoni mwa neno lililotangulia, limeinama kidogo kama mtu aliyepakiwa kwenye baiskeli. Ubeti uliofuata ulikuwa mfupi, na humo alifanya kinyume: alivuta herufi moja kwa wino mrefu mpaka kina cha bahari, kile kinachofunga ubeti, kikasimama sawasawa chini ya vina vilivyo juu yake.

Huyu alishika kalamu ya mwanzi, yule ni mashine, na shida ni ile ile: maneno hayatoshi kwenye upana uliokubaliwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizilinganisha mila za kupanga maandishi kwa swali moja ambalo vitabu vya sanaa ya uchapaji hulipita haraka. Mambo yakiharibika, kosa linabebwa na nani, nalo linaonekana wapi?

Katika khati ya Kiarabu iliyotumika pwani yetu, neno halikatwi mwishoni mwa mstari. Mnakili huuona ukingo unakuja tangu maneno matatu nyuma, akaanza kubana au kuvuta. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mchonga milango na mnakili aliyewaandikia miswada wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner na Ernst Dammann. Huhitaji kuambiwa kwamba mkono uliozoea kuchonga mbao haukubali ukingo uliopinda. Kwa mnakili wa aina hiyo kosa la nafasi linamezwa na ustadi, na msomaji hupewa ukurasa uliotulia asijue jasho lilitoka wapi.

Herufi za risasi hazina huruma hiyo. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alisimamia uchapaji wa vitabu vya Kiswahili hapo kisiwani, na vijana wa misheni ndio waliojifunza kuzipanga herufi. Risasi haivutiki. Mpangaji huujaza mstari mmoja kwa vipande vya nafasi, vinene na vyembamba, mpaka ukaze, ndipo ahamie wa pili. Ukilegea, herufi humwagika mezani. Hapa kosa husikika kwenye vidole kabla macho hayajaliona.

TeX, programu ambayo LaTeX imejengwa juu yake, ilizaliwa kwa hasira ya mtu aliyeipenda kazi ya risasi. Mwaka 1977 Donald Knuth, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya The Art of Computer Programming, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya picha. Alichukizwa na sura yake, akaamua kuandika programu yake mwenyewe. Ndani ya TeX kila herufi ni kisanduku, na kati ya visanduku kuna gundi inayoweza kutanuka au kusinyaa kwa kiasi kilichotajwa. Gundi ikitanuliwa kupita kawaida, programu huhesabu ubaya wa mstari. Hesabu hupanda kwa mchemraba wa mtanuko, kwa hiyo tone dogo la ziada hugharimu sana, na 10000 maana yake ni ubaya usio na mwisho. Kwa kawaida huvumilia ubaya wa 200. Na tofauti na mpangaji wa risasi, haiamui mstari mmoja mmoja: huitazama aya nzima kwanza, kwa njia ambayo Knuth na Michael Plass waliieleza katika makala ya mwaka 1981. Hapo ndipo inapofanana na mnakili wa Lamu, anayeona mbali.

Panapokosekana mgawanyo unaovumilika, ndugu hawa wawili huachana. Mnakili huficha, na TeX hukataa kuficha. Huuacha mstari utokeze pambizoni, uchi, kisha huandika kwenye faili ya kumbukumbu umezidi kwa nukta ngapi na katika mistari ipi ya chanzo. Ukitaka ifumbe macho, LaTeX inayo amri, na amri hiyo imepewa neno la Kiingereza lenye maana ya kazi ya ovyo. Nampongeza aliyelichagua: anayetaka urahisi sharti aliandike jina la urahisi huo kwa mkono wake mwenyewe. Programu za ofisini tunazotumia kuandikia barua huutandaza ubaya kati ya maneno bila kusema lolote, ukakuta mito ya weupe inateremka katikati ya aya. Watu wengi huona TeX ni kali na hizo nyingine ni pole. Mimi naona hizo nyingine ndizo zinazotudharau.

Hata hivyo ukweli wa TeX una lugha yake. Usipoiambia vingine, hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza cha Marekani, zilizotokana na kazi ya Frank Liang, mwanafunzi wa Knuth, aliyemaliza tasnifu yake mwaka 1983. Moja ya masharti yake ni kwamba kipande kinachoteremka mstari wa chini kisipungue herufi tatu. Kwa Kiingereza sharti hilo ni la busara. Kwetu sisi, ambao silabi ya mwisho mara nyingi ni herufi mbili tu, maana yake ni kwamba kitabu hakiwezi kuwa kita-bu, wala safari kuwa safa-ri. Nafasi halali kabisa za kukata zimefungwa, mistari inatokeza, na mwandishi wa Kiswahili analaumiwa kwa maneno yake marefu. Dawa ni kubadili tarakimu moja, tatu iwe mbili, na kuipa programu mipaka ya silabi zetu. Nimeona tasnifu nzima zikipanguliwa sentensi kwa sentensi ili ziingie kwenye mstari, kumbe kosa lilikuwa tarakimu.

Mstari uliotokeza ni kosa jepesi, kwa sababu kosa na alama yake viko mahali pamoja. Matatizo hasa ya LaTeX hukaa kwenye faili za mtindo. Leslie Lamport alipoijenga LaTeX juu ya TeX mwanzoni mwa miaka ya 1980, alitaka mwandishi aandike kwamba hiki ni kichwa cha sura, na umbo la kichwa hicho liamuliwe kwingine. Kwingine huko ni faili ya mtindo, nayo huita faili nyingine, nayo nyingine tena. Hitilafu ikitokea, swali hugeuka kuwa la wapokezi: nani kapokea kutoka kwa nani?

Msomaji aliyepitia chuoni atatambua hapa kazi ya wahakiki wa hadithi za Mtume. Wao hawaishii kwenye matini. Huifuata isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, mmoja mmoja, wakitafuta kiungo dhaifu. Na faili ya kumbukumbu ya TeX ni isnadi kwa maana halisi: kila faili inapofunguliwa huandikwa bano la kufungua na jina lake, na inapokwisha huandikwa bano la kufunga. Anayejua kuyahesabu mabano hayo anajua faili gani ilikuwa mdomoni pale sauti ilipokatika. Hata kwenye mstari wenyewe kuna hisani hiyo. TeX ikikutana na amri isiyoijua huuvunja mstari vipande viwili: cha juu ndicho ilichokwisha kukisoma, cha chini ndicho kilichobaki. Kosa liko mwishoni mwa kipande cha juu. Wengi huukimbia ujumbe huo wa kosa kwa sababu ya Kiingereza chake, ilhali jibu liko kwenye umbo.

Wapo pia wapokezi wanaoficha, nao wataalamu wa hadithi waliwapa jina: mudalisi, anayepokea kwa namna ya kuziba pengo la silsila yake. Sisi tulikuwa naye mmoja. Katika utenzi wetu, ukurasa wa marejeo, jina la Mcheki mmoja lilitoka na kinyota katikati, na herufi iliyopaswa kuvaa kofia ikabaki kichwa wazi. Kumbukumbu haikuwa na onyo hata moja. Tukafanya kama wanavyofanya wote waliokwama: tukakata kitabu nusu, kosa lipo, tukakata nusu ya nusu, lipo, mpaka likabaki jina peke yake na orodha ya faili za mtindo. Tukaziondoa moja moja. Ilikuwa faili yetu wenyewe, mstari wa 14, na niliyeuandika ni mimi. Nilitaka amri fupi ya kuweka kinyota kati ya kipande na kipande, nikaiita \v. Sikujua kwamba LaTeX inayo \v tangu zamani, na kazi yake ni kuivika herufi kofia ya Kicheki.

Kosa langu halikuwa jina, ila namna nilivyolitangaza. LaTeX ina \newcommand, ambayo huangalia kwanza kama amri hiyo ipo. Ikiwepo, inagoma na kusema. Ina \renewcommand, ya anayetangaza wazi kwamba anabadili cha mwenzake. Na chini yake iko \def ya TeX, inayofuta kilichokuwepo bila kuuliza. Mimi nilitumia \def kwa sababu ni fupi. Katika miswada ya Kiislamu, mnakili mwaminifu aliyerekebisha neno aliliandika pambizoni na kuweka alama ya "sahh", yaani ni sahihi, ili ajaye ajue kwamba mkono umepita hapa. \renewcommand ni ile sahh. \def ni mnakili aliyekwangua wino na kuandika juu yake.

Nisiifanye TeX malaika. Kuna mahali nayo hunong'ona. Fonti ikikosa herufi fulani, TeX kwa desturi yake haisimami wala haigutuki: huandika kwenye kumbukumbu kwamba herufi haipo, na neno hutoka na pengo. Usipoifungua kumbukumbu hujui. Nimelikuta hilo nikijaribu kuchapa khati ya Kiarabu yenye nyongeza za Kiswahili, kwa kuwa Kiarabu hakina herufi za p, ch wala v, na si kila fonti ya Kiarabu inazo. Shida hii ni ya zamani kuliko mashine. Waandishi wengi wa pwani walitumia herufi moja kwa sauti mbili au tatu na kumwachia msomaji achague, mpaka Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, akaweka alama za kuzitenganisha. Katika hili mnakili anashinda: herufi aliyoikosa aliiazima kwa jirani yake, na msomaji akabaki na kitu cha kusoma.

Linabaki suala la msamaha. Watunzi wa tenzi wana desturi ya kumalizia kwa kumwomba msomaji asahihishe palipokosewa na amsamehe mtunzi. Knuth ana beti zake za mwisho pia, ila zake ni za fedha. Mpaka mwaka 2008, aliyegundua kosa kwenye vitabu vyake alitumiwa hundi ya dola 2.56, yaani senti 256, namba wanayoipenda watu wa kompyuta. Kwa kosa la ndani ya TeX zawadi ilizidishwa mara mbili mwaka hadi mwaka mpaka ikafika dola 327.68. Mwaka 1989 alichapisha makala juu ya makosa ya TeX, akiyaeleza makosa zaidi ya 850 aliyoyaandika daftarini tangu 1978, na aibu yake hakuificha. Kila marekebisho yakitoka, namba ya toleo huongezwa tarakimu moja ya pai. La mwaka 2021 ni 3.141592653. Ameagiza kwamba siku atakapokufa toleo liitwe pai yenyewe, na kosa lolote litakalokuwa limebaki lihesabiwe kuwa sehemu ya programu milele. Hapo ndipo nawaunga mkono wanakili. Kwao mswada haufungwi: kila anayenakili ana haki ya kurekebisha, mradi aandike sahh.

Ubeti wa 212 tuliuacha kama alivyouacha mnakili, neno la mwisho limepanda juu ya mstari, kwa amri tuliyoiandika upya na kuitangaza kwa \newcommand. Kumbukumbu ya kitabu haina onyo lililobaki, lakini kurasa ni 240 na macho yangu si yale ya zamani. Ukiona palipokosewa, niandikie ukitaja ukurasa na ubeti. Hundi sina, ila jina lako litaingia kwenye chapa ya pili.