Hatifungani, Kibarua na Gorogoro ya Mahindi

Hatifungani ya serikali ni hati ambayo serikali humpa anayeikopesha, ikiahidi kumlipa riba kwa vipindi maalumu na kumrejeshea fedha zake inapoiva. Mkazi wa Dallas, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Embu nchini Kenya, huenda hajawahi kuimiliki, lakini historia inaonyesha kwamba riba yake humfikia kupitia kibarua na bei ya gorogoro, yaani kopo la kupimia, ya mahindi.

Kibarua huko kilitegemea kwanza kahawa, kwani ndiyo iliyojenga Embu na Meru. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil Julai 1975, bei ya kahawa duniani ilipanda, na fedha za miaka ya 1976 na 1977 zikazunguka kutoka kwa mkulima hadi kwa mchumaji anayelipwa kwa debe, fundi wa ujenzi na mwenye duka. Mgawo wa mauzo wa Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa uliposimamishwa Julai 1989, bei iliporomoka na mzunguko huo ukasinyaa.

Pigo kubwa zaidi lilifuata. Wafadhili walisitisha misaada kwa Kenya Novemba 1991, fedha nyingi zikamwagwa sokoni wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka 1993 mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei, ukafikia wastani wa takribani asilimia 46. Ili kuzifyonza fedha hizo, Benki Kuu iliuza dhamana za serikali za muda mfupi, ndugu za hatifungani, ambazo riba yake ilipita asilimia 70. Benki inayovuna kiasi hicho serikalini haina haja ya kumkopesha mfanyabiashara, na mfanyabiashara asiye na mtaji haajiri.

Hali iliyofanana, ingawa nafuu, ilirejea baada ya mfumuko kufikia asilimia 9.6 Oktoba 2022. Februari 2024, Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi hadi asilimia 13, na hatifungani ya miundombinu ikalipa zaidi ya asilimia 18. Mfumuko ulishuka baadaye mwaka huo, lakini kushuka kwake ni bei kupanda polepole, si bei kurudi zilikokuwa.

Mwaka 2017 serikali ilianzisha M-Akiba, hatifungani iliyonunuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000. Ulikuwa mlango mwema. Hata hivyo, ambaye ujira wake wa siku unaishia kwenye gorogoro hana akiba ya kuikopesha serikali, na kwake faida ya kweli ni bei tulivu na mwajiri anayeweza kukopa.